Ahadi Ni Deni: Mjadala wa Maswali ya Upinzani katika Bunge la Ireland

Jumanne saa nane mchana, Bunge la Ireland linapokuwa kwenye kikao, kiongozi wa upinzani husimama katika ukumbi wa Leinster House jijini Dublin na kumuuliza Waziri Mkuu, ambaye huko huitwa Taoiseach, swali ambalo hakupelekewa mapema. Kwa miaka ya karibuni anayesimama kwanza ni Mary Lou McDonald wa chama cha Sinn Féin. Muuliza swali ana dakika tatu na mjibuji ana dakika tatu. Hufuata dakika moja ya swali la nyongeza na dakika moja ya jibu. Saa inahesabu, Spika ana kengele karibu na mkono wake, na viongozi wa vyama vingine vya upinzani wanasubiri zamu. Utaratibu huu, unaoitwa Maswali ya Viongozi, hurushwa moja kwa moja, na mara nyingi vipande vyake ndivyo vinavyotawala taarifa ya habari ya jioni. Hoja iliyo mezani ni hii: je, dakika hizo nane zinaiwajibisha serikali kweli, au ni mchezo wa kuigiza unaolipiwa kodi? Nimewapa nafasi wasemaji wawili wa kubuni. Mshuku haamini kwamba Bunge linaweza kumwajibisha mtu yeyote. Mtetezi wa Serikali anaamini kwamba aliyeshinda uchaguzi aachwe afanye kazi. Nitawajibu kwa zamu.

MSHUKU: Tusidanganyane. Ukumbi huo ulikuwa wa mihadhara ya Royal Dublin Society kabla haujawa wa wabunge, na mpaka leo kazi yake ni ile ile: wachache wanasema, wengine wamekaa nusu duara wakitazama. Tarehe 23 Januari 2025 Micheál Martin alichaguliwa kuwa Taoiseach kwa kura 95 dhidi ya 76. Wanadhimu wa vyama wanazilinda kura hizo usiku na mchana, na hakuna swali la dakika tatu litakalozihamisha. Taoiseach anaingia na jalada lililoandaliwa na watumishi wa wizara. Akiulizwa kuhusu kodi ya pango, anajibu kuhusu bajeti, na Spika hana mamlaka juu ya yaliyomo ndani ya jibu. Kama huniamini mimi, mwamini jaji. Mwaka 1991 iliundwa tume ya kuchunguza biashara ya nyama ya ng'ombe, chini ya Jaji Liam Hamilton. Kwa miaka kadhaa wabunge kama Dick Spring, Pat Rabbitte na Desmond O'Malley walikuwa wameuliza bungeni kuhusu bima ya serikali kwa nyama iliyouzwa Iraq, wasipate la maana. Jaji mwenyewe alisema kwamba kama maswali yangejibiwa bungeni jinsi yalivyojibiwa mbele yake, kusingekuwa na haja ya tume, na fedha na muda mwingi vingeokolewa. Je, unataka ushahidi gani zaidi kwamba kuuliza bungeni ni kutwanga maji kwenye kinu?

MWANDISHI: Ushahidi huo naupokea wote, lakini unathibitisha jambo tofauti na unalodhani. Mshuku anapima swali kwa jibu linalotoka siku ile ile, na kwa kipimo hicho maswali mengi ya Dublin yanashindwa, kama yanavyoshindwa London na Ottawa. Mimi nadai kwamba thamani ya swali iko kwingine. Swali linailazimisha serikali kuweka neno lake kwenye kumbukumbu rasmi, likiwa na tarehe na jina la msemaji, ili siku nyaraka, takwimu au hukumu ya mahakama itakapotoka, pawepo kitu cha kulinganisha nayo. Wahenga walisema ahadi ni deni, na kila mwenye duka anajua kwamba deni ambalo halikuandikwa daftarini hulipwa kwa hiari ya mdaiwa. Kiongozi wa upinzani ndiye mwenye daftari. Kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha deni limeandikwa, hata kama mdaiwa hajalipa siku hiyo. Sasa mtazame Jaji Hamilton upya. Aliwezaje kusema kwamba majibu ya bungeni yalikuwa pungufu? Ni kwa sababu maswali yalikuwa yameulizwa na majibu yake yalikuwa yamechapishwa neno kwa neno. Alikuwa na safu mbili za maandishi mbele yake, moja ya Bunge na moja ya mashahidi walioapa, na tofauti kati yake ikaonekana kwa kila mtu. Wabunge wale wangenyamaza, jaji angekuwa na safu moja tu, na serikali ingejitetea kwamba hakuna aliyewahi kuuliza.

Tena mambo hayakuishia kwenye karatasi. Albert Reynolds, aliyekuwa waziri wa biashara wakati bima ile ilipotolewa, alikuwa ameshakuwa Taoiseach alipotoa ushahidi wake mwaka 1992. Mbele ya tume alidai kwamba ushahidi wa O'Malley, ambaye chama chake kilikuwa mshirika wake serikalini, haukuwa wa kweli. Chama cha O'Malley kikajitoa, serikali ikapoteza kura ya imani, na Novemba mwaka huo Ireland ikaenda kwenye uchaguzi. Swali lililoulizwa bungeni miaka ya 1980 lilikuwa limesafiri likipitia kipindi cha televisheni ya Uingereza na tume ya jaji, na likafika kwenye sanduku la kura. Mshuku anaona kwamba lilichelewa, na kweli lilichelewa. Lakini kuchelewa na kutofika ni mambo mawili.

MTETEZI WA SERIKALI: Mwandishi anasimulia ushindi wa upinzani na kuficha waliojeruhiwa. Novemba 2017 mbunge Alan Kelly wa chama cha Labour aliuliza mfululizo kuhusu lini Wizara ya Sheria ilijua mkakati wa mawakili wa polisi dhidi ya Sajini Maurice McCabe, askari aliyefichua maovu ndani ya jeshi la polisi. Barua pepe ya Mei 2015 ikapatikana, ikionyesha kwamba Frances Fitzgerald, wakati ule waziri wa sheria, alikuwa ameelezwa. Upinzani ukalia, magazeti yakalia, na tarehe 28 Novemba mama huyo, akiwa Naibu Waziri Mkuu, akajiuzulu ili nchi isiingie kwenye uchaguzi wa ghafla. Oktoba 2018 Jaji Peter Charleton, aliyeongoza tume ya kuchunguza kisa cha McCabe, alipotoa ripoti yake hakuona kosa katika alivyotenda waziri. Kazi ilikuwa imeshapotea. Hilo ndilo daftari lako: linaandika deni kwa mtu asiyedaiwa, na jaji akija kulifuta, mali imeshapigwa mnada.

MWANDISHI: Hiki ndicho kisa kigumu kuliko vyote kwa upande wangu. Tutenganishe kwanza vitu viwili ambavyo Mtetezi amevifunga pamoja, yaani swali na hukumu. Kelly aliuliza nani alijua nini na lini. Hilo ni swali halali katika nchi yoyote yenye polisi. Wizara ilijibu nusu nusu, na Taoiseach wa wakati huo, Leo Varadkar, akaliambia Bunge maelezo ambayo baadaye ilibidi ayasahihishe kwenye kumbukumbu, kwa sababu barua pepe haikuwa imewekwa mezani tangu mwanzo. Hukumu ilikuja baadaye, pale chama cha Fianna Fáil, kilichokuwa kikiibeba serikali kwa makubaliano, kilipotishia kura ya kutokuwa na imani. Lakini turudi kwenye barua pepe yenyewe. Ilimweleza waziri kwamba suala lile halikuwa na nafasi ya yeye kuliingilia, na jaji aliona alifanya sawa kutoliingilia. Kama ingewekwa mezani siku ya swali la kwanza, wananchi wangeona mwaka 2017 alichokiona jaji mwaka 2018. Kilichommaliza waziri ni kuchelewa kwa jibu na kila siku kuja na kipande kipya, mpaka mtu asiye na kosa akaonekana kama mwenye la kuficha. Nakubali kwamba waliotaka kichwa chake walikimbia mbele ya ushahidi, na wanastahili lawama hiyo. Ila somo la kisa hiki kwa serikali yoyote ni kujibu kamili mara ya kwanza. Jibu kamili linamlinda waziri kuliko wakili yeyote.

MSHUKU: Tuseme daftari lina maana. Kwa nini liwe mikononi mwa wanasiasa? Magazeti yapo, mahakama zipo, Ofisi Kuu ya Takwimu ipo. Kwenye kampeni ya Novemba 2024 viongozi wa serikali, Simon Harris na Micheál Martin, waliwaambia wapiga kura kwamba nyumba zitakazokamilika mwaka ule zitakaribia 40,000. Januari 2025 ofisi ya takwimu ikatangaza kwamba zilizokamilika ni 30,330, chini hata ya zile za mwaka uliotangulia. Upinzani haukuigundua namba hiyo. Ilitolewa na wataalamu wa hesabu, kimya kimya, bila mtu kupiga kelele ukumbini.

MWANDISHI: Namba ilitolewa na wataalamu, ndiyo, lakini haina mdomo. Haiwezi kumfuata waziri ukumbini na kumuuliza kwa nini alisema 40,000 wakati waliokuwa wakifuatilia ujenzi walikuwa wameshaonya kwamba lengo hilo halifikiki. Ofisi ya takwimu ikianza kuuliza maswali ya namna hiyo itapoteza heshima yake ya kutoegemea upande. Mwandishi wa habari anaweza kuuliza, ila waziri anaweza kumpita mlangoni na kuingia kwenye gari. Bungeni hawezi kupita. Kifungu cha 28 cha Katiba ya 1937 kinasema Serikali inawajibika kwa Dáil, chumba cha wabunge waliochaguliwa na wananchi, na Maswali ya Viongozi ni mahali ambapo sentensi hiyo ya Katiba inapata sura ya mtu aliyesimama mbele ya mtu mwingine. Angalia pia mahali neno la 40,000 liliposemwa: kwenye kampeni, ambako hakuna swali la nyongeza la lazima. Baada ya uchaguzi, mezani pamewekwa ahadi kubwa zaidi: nyumba 300,000 kufikia mwisho wa 2030. Mwanzoni mwa 2025 watu zaidi ya 15,000 walikuwa wakiishi kwenye malazi ya dharura ya serikali, zaidi ya 4,500 kati yao watoto. Kila McDonald anapoinuka kuuliza kuhusu familia hizo, na kila Martin anapojibu kwa kutaja lengo la 2030, ahadi inaandikwa upya ikiwa na tarehe mpya na msemaji yule yule. Nyumba haijengwi kwa swali. Lakini mwaka 2030 hakuna atakayeweza kudai kwamba 300,000 ilikuwa lugha ya majukwaani tu.

Kuhusu magazeti, Mshuku anasahau kwamba sheria za kashfa za Ireland ni kali, na kwamba yapo mambo ambayo mhariri hathubutu kuyachapa mpaka yasemwe bungeni, ambako Kifungu cha 15 kinawakinga wabunge dhidi ya mahakama kwa wanachosema. Mwaka 2012 kampuni ya Siteserv iliuzwa euro milioni 45.4, na benki ya IBRC, iliyokuwa mali ya umma, ikasamehe deni la zaidi ya euro milioni 100. Catherine Murphy, mbunge ambaye wakati huo hakuwa na chama, alipeleka maswali ya maandishi kwa waziri wa fedha, moja baada ya jingine, akipewa majibu ya kumtuliza. Mwaka 2015 nyaraka zilionyesha kwamba maofisa wa wizara wenyewe walikuwa na wasiwasi na namna benki ilivyoendeshwa. Tarehe 28 Mei 2015 alipozungumza ukumbini kuhusu mikopo ya benki hiyo, vyombo vikubwa vya habari vilisita kutangaza maneno yake kwa sababu ya amri ya mahakama iliyokuwepo kuhusu mambo hayo, mpaka jaji alipofafanua siku chache baadaye kwamba amri yake haikukusudiwa kulifunga Bunge mdomo. Tume ikaundwa mwaka ule ule, na ripoti yake ya 2022 ikasema mauzo yale yalichafuliwa na mwenendo usiofaa. Hapo gazeti lilikuwa limefungwa mikono, na mahakama ndiyo iliyokuwa imetoa amri. Mlango uliobaki wazi ulikuwa wa Bunge, na aliyeupita ni mbunge mmoja asiye na kundi kubwa nyuma yake.

MTETEZI WA SERIKALI: Basi kama mbunge mmoja ana thamani hiyo, kwa nini upinzani ulivunja kikao mwaka 2025 ili kuwanyima wengine nafasi ya kusema? Baadhi ya wabunge wasio na chama walioiunga mkono serikali walitaka muda wa kuuliza. Wana wapiga kura wao vijijini, wana mahitaji ya barabara na hospitali. Tarehe 22 Januari makelele yalizidi mpaka uchaguzi wa Taoiseach ukaahirishwa hadi kesho yake. Na msije na hoja kwamba anayeisaidia serikali hawezi kuwa mpinzani. Kuanzia 2016 hadi 2020 Fianna Fáil iliibeba serikali ya Fine Gael kwa makubaliano ya maandishi, na bado kiongozi wake, huyu huyu Martin, ndiye aliyekuwa akiuliza kwanza kwenye Maswali ya Viongozi. Mbona hapo hamkupiga kelele?

MWANDISHI: Swali hili linastahili jibu kamili. Makubaliano ya 2016 yalikuwa wazi mbele ya umma. Fianna Fáil haikuwa na waziri hata mmoja, ilijizuia kupiga kura badala ya kuipigia serikali, na ilibaki na nguvu ya kuiangusha. Kisa cha Fitzgerald kinaonyesha kwamba nguvu hiyo haikuwa ya kuchora. Mwaka 2025 hali ilikuwa nyingine. Kundi la wabunge huru lililoongozwa na Michael Lowry lilijadiliana kuunda serikali, likampigia Martin kura, na baadhi ya wanakundi wakapewa unaibu waziri. Waliobaki nje ya serikali ndio waliotaka wahesabiwe upande wa upinzani na kutumia muda wake. Spika Verona Murphy, aliyechaguliwa kwa kuungwa mkono na upande wa serikali, mwenyewe aliamua Februari kwamba hawawezi kuunda kundi upande wa upinzani. Machi, serikali ikatumia wingi wake kubadilisha kanuni na kuwatengea nafasi mpya ya kuuliza pamoja na wabunge wa kawaida wa vyama tawala. Kikao kikavurugika, na mwanzoni mwa Aprili upinzani ukaleta hoja ya kutokuwa na imani na Spika, ikashindwa. Wapiga kura wa wabunge hao wana haki ya kusikika, na nafasi za kusikika zipo: mijadala, kamati, maswali ya maandishi yanayofika makumi ya maelfu kwa mwaka. Lakini mtu aliyeshiriki kuandika ahadi za serikali ana sababu ndogo sana ya kuzihoji. Atauliza swali linalompa waziri fursa ya kujisifu, na kila dakika ya swali la namna hiyo inakuwa dakika ambayo serikali inajihoji yenyewe. Upinzani ulikosea kwa vurugu zake, maana kelele hazinukuliwi kwenye kumbukumbu isipokuwa kama fujo. Ila kwenye hoja yenyewe ulikuwa na haki.

Msomaji wa Dodoma au Nairobi hana sababu ya kuona jambo hili kama la mbali. Tanzania ilianzisha maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu mwaka 2008, chini ya Spika Samuel Sitta, kila Alhamisi kwa nusu saa, na Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani akipewa nafasi ya kwanza. Mwaka 2016 matangazo ya moja kwa moja ya vikao kwenye televisheni ya taifa yalipunguzwa, na baada ya uchaguzi wa 2020 wabunge wa upinzani hawakufikia idadi ya kuunda kambi rasmi. Kipindi cha maswali kilibaki kwenye ratiba, lakini mtu wa kuandika deni hakuwepo. Kenya ilipitia njia nyingine: Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri nje ya Bunge, na kuanzia 2023 wakaanza kufika mbele ya wabunge kujibu maswali. Nchi hizi zinathibitisha masharti ambayo Ireland imekuwa ikiyagombania: muuliza swali awe nje ya serikali kweli, awe na haki ya swali la nyongeza, majibu yaandikwe na kuonekana na umma, na nje ya Bunge pawepo taasisi zinazoweza kuyapima. Likikosekana moja, Mshuku anakuwa amesema kweli.

MTETEZI WA SERIKALI: Limebaki moja. Anayeuliza halipi chochote. McDonald anaweza kuahidi mbingu na ardhi, kwa sababu hana bajeti ya kusimamia. Daftari lako linaandika upande mmoja tu.

MWANDISHI: Linaandika pande zote mbili, na ushahidi ni Martin mwenyewe. Kuanzia 2011 hadi 2020 alikuwa kiongozi wa upinzani, na ukumbini alimbana Taoiseach Enda Kenny na kisha Varadkar kuhusu uhaba wa nyumba na foleni za hospitali. Leo anajibu kwenye kiti walichokalia wao, na yote aliyowalaumu kwayo yamechapishwa, tayari kusomwa mbele yake. McDonald anapouliza anajifunga kwa namna hiyo hiyo. Kila kipimo anachompimia Martin leo ni kipimo anachokiandaa kwa ajili yake mwenyewe, iwapo wapiga kura watamvusha upande wa pili wa ukumbi. Ndiyo maana swali rahisi, la kelele na la kichwa cha habari halimsaidii hata muulizaji. Linalomsaidia ni lile lenye namba, tarehe na jina la mhusika, ambalo yeye mwenyewe angekuwa tayari kulijibu. Kwa mwananchi anayefuatilia, kipimo cha kiongozi wa upinzani kisiwe kama alimshinda Waziri Mkuu kwa maneno Jumanne hiyo. Kiwe kama alimfanya aseme jambo linaloweza kuhakikiwa. Akifanikiwa hivyo, dakika nane zinatosha. Asipofanikiwa, hata saa nane hazitatosha, na lawama itakuwa yake kabla haijawa ya serikali.